Ubao wa Bwana Hashil

Usimwone vile Fundi Pandu, alikuwa na mdomo huyo! Pwani yote ya Funguni ilimjua. Akipita penye chombo cha mwenziwe, husimama, akatia kidole kwenye ufa, akasema, "Pamba hii umeitia au umeipigia salamu tu?" Watu hucheka, na fundi mwenyewe huichokoa pamba yake akaanza upya. Kwa kuziba vyombo, Pandu alikuwa hana mpinzani, na alikuwa akilijua hilo kupita kiasi.

Kazi yake ya kila mwaka ilikuwa motaboti ya Bwana Hashil. Bwana Hashil alikuwa na mashamba zamani, na nyumba ya ghorofa huko shamba. Baada ya mapinduzi ya sitini na nne hakubaki na shamba wala nyumba, ila vyumba viwili vya Malindi, Unguja mjini, mkewe Bi Ruqaya, na motaboti hiyo. Nayo ilibaki kwa sababu moja tu: siku waliovichukua hivyo vyengine walipokuja kuitazama, mashine yake ilikuwa imekufa na sakafu imejaa maji, wakasema gogo hilo la nini, wakaenda zao. Yeye na Pandu wakaifufua, miaka miwili, skrubu moja moja. Toka hapo Bwana Hashil akawa anapeleka watu visiwani, Changuu na Bawe, siku nyengine anavua, na maisha yanakwenda.

Kila masika huipandisha mchangani. Pandu hukwangua makome na majani ya bahari, huchokoa pamba kuukuu na kutia mpya kwa patasi na nyundo, kisha huipaka tumbo deheni, yale mafuta yaliyochanganywa na chokaa, harufu yake inakaa mwilini wiki nzima. Mwatum, mkewe, alikuwa hamruhusu kuingia ndani mpaka aoge mara mbili.

Masika ya sitini na tisa, Pandu aligonga mbao za nyuma, upande wa kushoto karibu na mashine, ubao mmoja ukamjibu kama papai bivu. Umeoza. Na mbao mjini zilikuwa hakuna, ukitaka ubao wa maana ni kuandikisha jina na kungoja.

Bwana Hashil akasema, "Usihangaike, fundi. Mimi nnao mmoja."

Akauleta kwa gari la ng'ombe. Msaji mtupu! Mpana, mnene wa vidole vinne, mrefu kumpita mtu. Ulikuwa meza ya kupigia pasi ya Bi Ruqaya tangu alipokuwa bi arusi, na ndicho kitu pekee walichotoka nacho ile nyumba ya shamba. Katikati ulikuwa na kovu jeusi la pasi ya mkaa, ncha yake imeelekea juu. Bi Ruqaya aliuunguza siku ya kwanza ya ndoa yake, wakawa wanachekana nalo miaka yote.

"Utie huu," alisema Bwana Hashil. "Angalau utakuwa bado unatutumikia."

Pandu akaupeleka uani kwake, Kikwajuni, kuupiga randa. Na hapo ndipo shetani alipomkuta. Binti yake, Mwanakheir, alikuwa anaolewa mwezi ule na kijana wa kule Kizimbani, na kitanda hakijapatikana. Mwatum kila siku analalama: "Watu waje kutazama vyombo, wakute mtoto wa fundi kapelekwa na kitanda cha kamba? Tutaficha wapi nyuso zetu?"

Angekwenda kumwomba Bwana Hashil. Njia ilikuwa fupi, dakika kumi kwa miguu. Lakini Pandu huyu, aliyezoea watu wamwombe yeye, ulimi ulimwia mzito. Akajiambia, nnautumia sasa, nitatafuta mwengine kabla motaboti haijashuka. Akatia msumeno. Akapasua msaji ule kati, akafanya ubao wa kichwani na mbavu za kitanda, na lile kovu la pasi akaligeuza nyuma, liutazame ukuta. Loo, kitanda kilikuwa kizuri! Wanawake walikipigia vigelegele mpaka Kizimbani.

Ubao mwengine hakuupata. Alizunguka, aliulizia mpaka Matemwe, hakuna. Basi akafanya alilofanya, na mimi hata kulisimulia nnaona haya kwa niaba yake: aliukwangua ule uliooza, akashindilia pamba, akagongomea bati, akapaka deheni kama mtu anayepaka siagi, na juu yake rangi nyeupe mikono mitatu. Ukitazama, utasema mpya.

Sasa, mafundi wa pale walikuwa na desturi yao. Chombo kikishushwa, fundi huvaa kanzu nyeupe, huingia ndani kabisa chini ya sakafu, pale maji yanapojikusanya, akakaa kitako juu ya mahali alipopaziba. Watu hunywa kahawa, buli zima, yeye amekaa. Kahawa ikimalizika huinuka, akageuka, watu wakaiona kanzu yake kavu. Hapo ndipo halua hufunguliwa. Pandu alikuwa akiipenda saa hiyo kuliko Idi, na aliwahi kumcheka mwaka mzima mwenziwe aliyeinuka na kiraka cha maji.

Asubuhi ya kuishusha motaboti watu walijaa, maana wengi walikuwa na deni lao la maneno kwake. Pandu akasema ana homa. Bwana Hashil akamshika shavu.

"Basi tungoje upoe. Bila ya wewe haishuki."

Aibu ikamsukuma, akaingia. Akakaa. Kahawa ya kwanza, kukavu. Ya pili, akasikia ubaridi, kama ncha ya sindano. Ya tatu, ubaridi umeenea. Jasho likamtoka. Juu yake watu wanaongea na kucheka, mmoja akapaza sauti, "Fundi, mbona hujisifu leo?" Akatamani mbao ziachane kabisa azame, asionekane tena.

Buli likaisha. "Haya, inuka!"

Pandu akainuka nusu, amekiegemeza kiuno ubavuni mwa motaboti, hageuki. Mara Bwana Hashil akashuka pale chini na gudulia la maji mkononi, akajikwaa, au alijifanya kajikwaa, na maji yote yakamwangukia Pandu mgongoni mpaka miguuni.

"Astaghfirullah! Nisamehe, fundi, nimekuharibia kanzu yako!"

Watu wakaangua kicheko, wengine wakanung'unika kwamba leo hesabu imeharibika, na halua ikafunguliwa. Pandu kipande chake alikitia mfukoni.

Watu walipotawanyika, wawili hao wakabaki wakiyachota maji kwa kopo. Bwana Hashil hakumtazama. Akauliza kwa upole, "Mwanakheir hajambo? Analala vizuri?"

Pandu akazidi kuchota, mbio mbio.

"Bi Ruqaya alikwenda kutia chetezo cha udi nyuma ya kitanda siku ya arusi," alisema Bwana Hashil. "Akaliona kovu lake. Alirudi nyumbani akalia, kisha akacheka. Akaniambia, tumngoje, atasema mwenyewe. Tumekungoja wiki saba, Pandu."

"Bwana Hashil, wallahi..."

"Vyangu vyengine walikuja kuvichukua kwa bunduki, sikuwa na la kusema. Lakini wewe ungeniomba tu. Ningekupa, na msumeno ningekushikia upande wa pili."

Pandu hakuweza kuinua uso. Alitamani atukanwe, apigwe hata kofi mbele ya watu, lingekuwa jepesi.

Kesho yake aliivuta motaboti mchangani tena. Akenda nyumbani, akang'oa mlango wake wa mbele, wa mninga, alioutengeneza mwenyewe alipooa, akaukata, akautia mahali pa ule ubao uliooza. Safari hii alipoishusha, alikaa ndani peke yake, bila ya kahawa, toka adhuhuri mpaka alasiri. Kanzu ikatoka kavu. Hakumwonesha mtu.

Nyumba ikakaa na gunia mlangoni mwaka mzima. Majirani wakiuliza, akisema mchwa. Na toka siku ile hakutia tena kidole kwenye kazi ya mtu.

Hata Mwanakheir akaja kutoka Kizimbani, mtoto mchanga begani, amemleta kumwonesha babu yake. Akasimama mbele ya gunia, akashangaa.

"Shikamoo, baba. Mlango wetu uko wapi?"

Lile neno mchwa lilimfika Pandu ulimini, akalimeza. Akamtazama binti yake, akamtazama yule mtoto aliyezaliwa juu ya kitanda kile.

"Unaulalia, mwanangu," alisema. "Kaa kitako nikwambie."