Kurasa Nane za Mama Adhieu

"Wewe, Mama, hutulii," Sanyu alisema, penseli ikimning'inia mkononi. "Kila nikifika kwenye pua, umeshageuka."

"Chai itajimimina?"

"Dakika mbili tu."

"Yule pale anataka chai ya karkade. Nimwambie angoje mpaka pua yangu iishe?"

Wanywaji watatu waliokaa kwenye viti vya plastiki wakacheka ndani ya glasi zao. Sanyu hakucheka. Ilikuwa Alhamisi, kazi ilitakiwa Jumamosi. Kati ya kurasa nane alizoagizwa kuchora, saba zilikuwa tayari, na ya nane ilikuwa imemshinda tangu Jumatatu.

"Na tena," Mama Adhieu akaendelea huku akisuuza glasi, "nani anamwambia nani atulie? Tangu ukae hapo umeinuka mara nne. Umeenda kununua kifutio. Umeenda kuona boda imeanguka. Umejibu simu. Umehamisha kiti eti jua, na jua mafi, hakuna, ni mawingu matupu. Mimi niko kwa hii kona miaka sita. Kama ni kutulia, mimi ndiyo mwalimu."

"Mama, watu wanasikia."

"Wasikie. Na picha yangu iko wapi?"

Hapo Sanyu akainamia daftari kana kwamba pua imejitokeza ghafla.

Picha hiyo ilikuwa deni la miezi miwili. Siku Sanyu alipokuja kuomba kumchora, Mama Adhieu, Mdinka aliyejifunza Kiswahili chake kambini Kenya, alimtazama juu mpaka chini na kumuuliza atalipa nini. Sanyu hakuwa na kitu. "Basi," mama akasema, "sura yangu utaichukua mara nyingi, kwangu utarudisha moja. Ya kutundika." Wakakubaliana mbele ya birika. Tangu siku hiyo sura ilichukuliwa mara hamsini, na haikurudishwa hata moja. Kila akiulizwa, Sanyu alijibu kwamba bado, haijawa nzuri.

Sanyu alikuwa mtu wa kuanza. Alitoka Masaka, Uganda, akiwa na miaka ishirini na mmoja, akafuata nyuma ya shangazi aliyeuza vitenge, na shangazi akarudi kwao, yeye akabaki Juba. Aliuza muda wa simu. Akakaanga chapati. Akasuka nywele. Kila kazi aliiacha pale ilipoanza kumzoea, na ukimuuliza sababu alikutajia joto, au tajiri, au mvua, chochote kilichokuwa karibu. Kilichomkamata ni kimoja tu, kupaka vichwa kwenye kuta za saluni. Mtaa wa Hai Cinema huwezi kukata kona bila kukutana na kichwa cha Sanyu: macho makubwa, paji laini kama sahani, meno thelathini na mawili meupe. Wenye saluni walimpenda kwa sababu alimaliza upesi. Ubaya ni kwamba kila kiangazi walipaka ukuta upya, na vichwa vyake vikazikwa chini ya rangi ya kampuni ya simu.

Ndiyo maana aliposikia kwamba nyuma ya kanisa fulani kuna darasa la Jumamosi la kuchora picha za vitabu, alikwenda siku hiyo hiyo, na mikono ina rangi. Kitabu hakipakwi rangi juu.

Mwalimu alikuwa Ustaz Tombe, maana Juba kila mwalimu huitwa ustaz, mtu mwembamba aliyekulia ukimbizini Uganda na kujifunza kuchora huko huko. Aliwaambia wanafunzi wake kumi na mmoja mambo mawili. La kwanza, kwamba amepewa kazi ya kuchora kitabu cha kusomea cha darasa la kwanza, na mwisho wa mafunzo atamchukua mmoja wao afanye naye. La pili, kwamba asiyeweza kukaa asijisumbue. Sanyu alisikia la kwanza.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchora kiatu. Alimaliza kwa dakika kumi, akaweka penseli chini, akaanza kutazama dirishani.

"Hiki ni cha mguu upi?" Ustaz akamuuliza.

Sanyu akakitazama. Hakikuwa cha mguu wowote.

Kazi ya pili, mikono inayofanya kazi. Akachora mikono mizuri, vidole kumi, haifanyi kitu. Ikarudi. Ya tatu ndiyo iliyomtia aibu sokoni. Waliagizwa wachore kibanda kimoja, kwa vipimo. Sanyu akaenda soko la Konyo Konyo na rula ndefu na penseli nyekundu, kwa sababu nyeusi ilikuwa imevunjika naye hakuwa na subira ya kuchonga. Akasimama mbele ya safu ya nyanya, akafumba jicho moja, akapima nguzo, akaandika.

Sasa, wiki iliyotangulia, vibanda vya barabara nyingine vilikuwa vimewekewa alama nyekundu, na siku ya tatu tingatinga likaja. Muuza nyanya wa kwanza alipomwona msichana ana rula na wekundu mkononi, hakuuliza. Akaanza kupanga makreti. Wa pili akaita wa tatu. Mama mmoja akamjia na fungu la vitunguu, akampa kwa mikono miwili, akimwambia polepole kama mtu anayebembeleza mbwa, "Binti, anza na ule upande mwingine."

"Mimi ni mwanafunzi tu," Sanyu akasema.

"Najua, najua. Hata yule wa wiki jana alisema ni mwanafunzi."

Akarudi darasani na vitunguu, bila kibanda. Alimsimulia Ustaz kwa hasira, akimlalamikia kwamba soko lina watu wajinga na kazi yenyewe imekaa vibaya. Ustaz alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kitunguu kimoja, akamwambia, "Basi nichoree ile mikono miwili iliyokupa." Sanyu akachora. Hakukaa sana, lakini alikaa, na kwa mara ya kwanza kazi yake ikabandikwa ukutani.

Ya nne ilikuwa sura ya mtu. Hapo ndipo alipompata Mama Adhieu. Alimchora haraka, kama aliyepulizwa na upepo, na mkono wake ukafanya ulichozoea. Mama Adhieu ana chale kwenye paji la uso, mistari iliyojipanga kama mto unaogeuka, na meno ya chini ya mbele hana, walimng'oa akiwa msichana kama ilivyokuwa desturi ya kwao. Kwenye karatasi ya Sanyu paji likatoka laini kama sahani, na meno yakajaa kinywa kizima, juu na chini. Mama alipooneshwa alicheka mpaka akaweka birika chini.

"Huyu ni nani? Dada yangu mdogo? Amezaliwa lini, sikuambiwa."

Ustaz hakucheka. Aliandika chini ya picha kwa wino mwekundu, maneno mawili: Nani huyu? Sanyu akaikunja na kuizamisha chini kabisa ya mfuko wake, na ikawa inatembea naye humo kila siku pamoja na makombo ya penseli.

Na ya tano, ya mwisho, ndiyo hii: kurasa nane, mtu mmoja, siku moja, bila neno hata moja. Mtoto akifungua ukurasa wowote, amjue ni yule yule. Wenzake wengine walikuwa wamekwama kwenye ukurasa wa tatu. Sanyu alikuwa ameshamchora mama akiwasha jiko, akiponda tangawizi, akigombana na muuza makaa, akisinzia saa nane. Chale alizihesabu mpaka akaziota. Bado ukurasa wa nane, mama anafunga kazi. Akitoka patupu hapa, saluni ilikuwa inamngoja. Tajiri wake alikuwa amempa Jumamosi kwa miezi mitatu tu, na miezi hiyo ilikuwa imekwisha.

"Huo wa mwisho unasema mimi ninafanya nini?" Mama Adhieu akauliza Alhamisi hiyo.

"Unafunga, Mama. Unakwenda nyumbani."

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Saa sita."

"Mimi nafunga saa kumi na mbili. Wewe hujawahi kuwa hapa saa kumi na mbili. Saa tisa ukisikia pikipiki imepita, na wewe umepita. Unachora kitu hujaona, halafu unasema pua yangu inageuka."

Wanywaji wakageuza viti, kama watu wanaotazama goli likiingia. Sanyu akafunga daftari.

Akabaki. Saa tisa ilimwuma kama kiroboto. Saa kumi alisimama, akakaa. Saa kumi na mbili kasoro akatoa daftari, na hapo hapo Mama Adhieu akamtupia ndoo.

"Shika."

"Mama, nataka kuchora."

"Mtu anafunga kazi peke yake na wewe umekaa unamtazama? Kwenu Masaka ndivyo mnavyofanya? Shika."

Basi jioni ile hakuchora mstari. Alibeba ndoo, akabeba viti vinne kichwani, akamwaga majivu, akajifunza kwamba glasi hufungwa kwenye khanga mbili mbili zisigongane. Alimwona mama akiinuka: mkono wa kushoto kwenye goti, wa kulia unatafuta ukuta, na ule mguno mdogo, halafu anasimama kidogo akitazama jiko kama mtu anayemuaga mgonjwa. Sanyu alisimama na mikono imejaa, hana la kufanya ila kutazama.

Ijumaa alifika asubuhi, penseli tatu zimechongwa. Kona ilikuwa tupu.

"Wamefukuzwa," akasema Kizza, mwendesha boda wa pale, aliyekuwa anafuta pikipiki yake. "Mama wa chai wote wa barabara hii. Alfajiri. Ati njia ipanuliwe."

"Amekwenda wapi?"

"Nyabo, dada yangu, mimi nabeba watu, sibebi habari."

Sanyu akazunguka. Akaenda mpaka barabara ya pili, akarudi, akauliza kwa muuza maji, akarudi tena. Alitaka kwenda Konyo Konyo, alitaka kumpigia Ustaz kumwambia kazi imevunjika na si kosa lake. Maneno ya malalamiko yalikuwa yameshapangika mdomoni. Kisha akaona pale chini, alipokuwa anakaa mama, udongo umebonyea, na duara jeusi la jiko. Akageuza mkebe wa rangi uliotupwa, akaukalia, akaanza.

Jua lilimkuta na kumpita. Kizza alipeleka abiria mara saba. Mara ya nane akasimama nyuma yake, akainamia karatasi, akasema, "Kumbe umemwona. Mwambie hilo goti apake mafuta ya mbarika, mama yangu alipona."

Sanyu akatazama karatasi. Uso wa mama ulikuwa umegeukia jiko, pua haikuonekana kabisa.

Jumamosi Ustaz Tombe akatandaza kazi za wote sakafuni. Alipofika kwa Sanyu, akamwita mwanafunzi mmoja, Alek, aliyekuwa hajawahi kuziona, akamwonesha ukurasa wa nane peke yake.

"Nani huyu?"

"Mama wa chai wa ile kona," Alek akasema. "Simuoni siku hizi mbili. Amehama?"

Ustaz akaziokota zote nane, akazipanga, akazigonga ukingo kwenye meza mpaka zikalingana. "Kitabu kina kurasa arobaini," akamwambia Sanyu. "Utakaa?"

"Nitakaa, Ustaz."

"Tutaona. Jumatatu saa mbili. Hizi kaa nazo mpaka hapo, usizitupe kwenye huo mfuko wako."

Alitoka mbio, mazoea hayaishi siku moja. Kizza alikuwa ameshapata habari: Mama Adhieu yuko mtaa wa New Site, karibu na vibanda vya muda wa simu. Akampakia, wakamkuta chini ya turubai la buluu, jiko linawaka, viti vinne vimepangwa, wateja wawili wameshakaa kama waliozaliwa pale.

"Umechelewa," mama akasema. "Ndoo nimebeba mwenyewe."

Sanyu akachuchumaa, akafungua jalada, akampa zote nane. "Nimekuja kulipa, Mama. Chagua unayotaka. Ustaz nitamchorea nyingine."

Mama Adhieu akafuta mikono. Akazipitia moja moja, bila haraka. "Huyu ni mimi. Huyu ni mimi. Hapa nimekasirika, wewe ndiwe ulinikasirisha." Kwenye ya nane akakaa zaidi, akaligusa lile goti kwa kidole. "Kwes. Hii ni nzuri." Akazifunga zote, akamrudishia. "Na yule mwingine?"

"Yupi?"

"Mwenye meno."

"Ile mbaya? Mama, ile si wewe."

"Hizi zote nazijua. Kila asubuhi naziona kwenye birika. Yule mimi sijamwona tena tangu siku ile waliponing'oa meno. Miezi miwili nakuomba, unaniambia bado si nzuri. Nani alikuuliza kama ni nzuri?"

Sanyu akauingiza mkono mfukoni mpaka chini kabisa. Ilitoka imekunjamana, ina alama ya chai na vumbi la risasi ya penseli. Mama Adhieu akainyoosha juu ya paja, akaitazama sana: paji laini, kinywa kilichojaa. Akaweka kidole kwenye wino mwekundu.

"Hapa wameandika nini?"

"Mwalimu ameuliza, huyu ni nani."

"Sasa si umjibu."

Sanyu akatoa penseli, akaandika chini ya swali, kwa herufi kubwa za ukuta wa saluni: MAMA ADHIEU. Mama akaibana kwa kibanio cha nguo kwenye kamba ya turubai, akarudi nyuma hatua moja, akarudi mbele, akainyoosha upande.

"Kalas," akasema. "Deni limekwisha. Kaa unywe chai."

"Kizza ananingoja."

"Angoje."

Sanyu akakaa. Barabarani Kizza akapiga honi mara mbili, akakata tamaa, akazima pikipiki, akaja akajivutia kiti. Akapokea karkade yake, akaiona karatasi inayopepea juu ya kichwa cha mama.

"Mama, na huyu mrembo ni nani?"

"Si imeandikwa? Soma, unywe."