Kaka Yangu Hakuwa Mtu wa Kusimama

Kaka yangu Selestini aliendesha malori miaka thelathini kati ya Tunduma na Dar es Salaam, na ukimuuliza ameona nini katika nchi hii atakutajia mizani ya kupimia malori. Mizani ya Makambako, mizani ya Wenda, kona za Kitonga, na kila kichaka ambamo trafiki hupenda kujificha. Nchi nzima kwake ilikuwa lami na muda wa kushusha mzigo. Nasema hivi kwa hasira kidogo, maana mimi ni mdogo wake, tumenyonya ziwa moja, na haki ninayo.

Mkewe Matilda alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Mhehe wa Idodi, kule kwenye barabara ya kwenda mbuga ya Ruaha, na hakuwahi hata siku moja kuingia hiyo mbuga. Hakuona sababu. Aliweza kukaa nusu saa jikoni kwao Uyole akimtazama kunguru anavyoloweka ugali mkavu kwenye beseni la maji. Kwenye maonesho ya Nane Nane aliwapita ng'ombe wa mbegu na matrekta, akaenda moja kwa moja kwa wafinyanzi na wachongaji, na hakununua kitu. Alishika, akageuza, akasifu, akarudisha. Akipita kwangu jioni anang'aa uso kama aliyetoka fungate. Na mumewe akikubali kumchukua safarini, basi kazi yake ilikuwa kukaa kiti cha mbele na kutaja kila kilichoruka.

Alifariki mwezi wa pili, kwa presha, siku ya Jumanne, akianika nguo.

Kaka hakulia. Kwenye msiba wake mwenyewe nilimkuta barabarani anapanga magari. "Rudi nyuma, kata kulia, njoo, njoo, hapo hapo." Mfiwa! Wajomba wa Matilda wakaniangalia mimi, kana kwamba ndiye niliyemzaa. Makaburini alimwaga udongo wake, akapangusa mikono kwenye suruali, akauliza kama maji ya kunawa yanatosha. Baada ya hapo alikuwa anakula akipewa, analala akiambiwa, anajibu akiulizwa. Nilimchukia wiki nzima, kisha nikaanza kuogopa.

Nilichokiogopa zaidi ni arobaini. Ukoo wa Matilda ulitaka tanga lianuliwe kwao Idodi, na katika ukoo wao mume husimama mbele ya wakwe akasema aliishije na binti yao. Si hotuba ndefu. Lakini lazima kitoke kitu, maana akikaa kimya wataelewa kwamba mtoto wao aliishi bure. Nikamuuliza kaka atasema nini.

"Sijui, Roza."

"Utajua lini?"

"Humu ndani hamna kitu," akasema, akijigonga kifua kwa kidole. "Kama mguu ukiukalia vibaya. Naona upo, lakini siusikii."

Tuliondoka Mbeya Ijumaa alfajiri na pikapu yake, shughuli ikiwa Jumamosi. Tulipofika Igawa akapunguza mwendo. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamejaa maji, na nyuma ya ng'ombe wa Wasukuma walitembea yangeyange, ndege weupe, kila ng'ombe na wake.

"Hapa alikuwa ananiomba nisimame," kaka akasema, kwa sauti ile ile ya kusema mafuta yamepungua.

"Ukasimama?"

"Nilikuwa na mzigo."

"Miaka thelathini una mzigo tu?"

Akakanyaga mafuta. Wala siku hiyo hakusimama, na hatukuwa na mzigo wowote ila mimi na gunia la mchele. Nilitamani kumpiga.

Iringa tulifika saa saba, tukala, tukashika barabara ya Idodi. Magari ya watalii yalitupita mbio, yakikimbilia simba. Hatukwenda mbali sana, tukaona tawi la majani mabichi limefungwa kwenye nguzo kando ya barabara, na lingine mbele yake, yanaelekeza uwanjani. Huko kulikuwa na maturubai matatu na viti vya plastiki. Spika ilikuwa inapiga kwaya taratibu. Magari yamepaki, moshi wa masufuria makubwa unapanda kwa nyuma, wanawake wenye kanga wameinama, na pa kuingilia pana meza yenye daftari. Mtu yeyote wa kwetu akiona vitu hivyo haulizi.

"Msiba," kaka akasema, akawasha indiketa.

Kwa hilo tu ndipo alipokuwa mtu wa kusimama. Madereva wenzake walikuwa na desturi hiyo: msiba ulio kando ya njia haupitwi, unashuka, unatoa pole, unaendelea. Hata kwetu Uyole walishuka madereva tusiowajua majina. Basi nikatoa kanga kwenye mkoba nikajifunga kiunoni, na uso nikaupanga. Tukaandika majina. Pembeni ya daftari kulikuwa na kikapu kizuri kilichosukwa kwa nyasi za milulu, kaka akatumbukiza elfu tano. Dada wa mezani akafungua mdomo, akaufunga. Kaka akaenda kukaa na wanaume, mimi nikazunguka nyuma kwa wanawake, nikaomba kisu, nikaanza kumenya viazi.

Nilimenya karibu sufuria nzima. Kisha nikamwinamia mama niliyekaa naye, Yunisi, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama marehemu alikuwa mtu mzima.

"Marehemu yupi, dada?"

"Wa hapa."

Akaacha kumenya. "Haya ni maonesho, dada. Vikapu, vyungu, vinyago. Jioni kuna ngoma. Kwani wewe ulifikiri..." Akashindwa kumaliza. Wakacheka wote, mmoja mpaka akakaa chini. Na elfu tano zetu zilikuwa ndani ya kikapu cha kuuzwa! Nikafungua kanga kiunoni nikaenda kumtoa kaka, nikiwa na hasira na kila mtu, hasa yule aliyefunga matawi.

Hakuwa kwenye kiti chake. Nilimkuta turubai la mwisho, kwenye meza ya mchongaji mmoja mzee aitwaye Kasian. Mezani hapakuwa na simba wala tembo. Palikuwa na pimbi, mijusi, kunguru, na chura mmoja mwenye kitambi.

"Simba mimi sijawahi kumwona," Kasian alikuwa anasema. "Sasa nitachongaje kitu sijawahi kuona? Hawa ndiyo majirani zangu."

"Kaka, twende," nikanong'ona. "Hapa si msibani."

"Najua. Wameniambia zamani."

"Na bado umekaa?"

"Niliwapa pole wakashangaa, wakasema hakuna aliyekufa. Halafu huyu mzee akaniuliza, sasa wewe umefiwa na nani? Nikamwambia." Alikuwa ameshika mjusi wa kuchongwa, dume la kwenye mawe, kichwa kimeinuliwa, anamgeuza taratibu huku na huku. "Wakazima spika. Wamekaa na mimi."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kwaya haisikiki. Wanaume watano au sita walikuwa wamegeuza viti upande wetu, kofia magotini. Nilikuwa nimekuja na maneno mengi ya kumwambia kaka, nikayameza.

Kasian akatuonesha miamba iliyo nyuma ya uwanja. Pimbi walikuwa wametoka kuota jua, wamelaliana, mmoja tu amekaa macho akilinda wenzake. Kaka akasimama kuwatazama. Nikangoja aseme twende, tutachelewa. Hakusema. Nikachoka, nikakaa juu ya jiwe, na nakiri nilianza kupendezwa: mtoto mmoja alipanda mgongo wa mama yake, akateleza, akapanda tena, mama hana habari. Tulikaa pale mpaka jua likahama kwenye mwamba.

"Wako kumi na mmoja," kaka akasema.

Basi, hayo tu. Nilidhani sasa chozi litatoka, halikutoka, tukapanda gari.

Kesho yake, kwa wakwe, mchana, watu wamejaa ua mzima, wakamwita. Akasimama, mikono imening'inia.

"Nimeishi na Matilda miaka ishirini na nane. Hakunikosea. Alipenda kuangalia vitu. Ndege, wadudu, vitu vya kuchonga. Njiani aliniomba nisimame aangalie. Sikusimama. Hata mara moja sikusimama. Jana nimesimama, yeye hayupo, nikaona alichokuwa anakitaka. Sina lingine."

Nilitamani ardhi inimeze. Ni mwanaume gani anayesimama mbele ya wakwe kujishtaki? Nikawangoja wajomba waanze.

Mama yake Matilda alikuwa kwenye mkeka wa wanawake, uso ameugeuza pembeni, kama heshima ya mkwe inavyotaka. Akaongea huku akiutazama ukuta, akimwita kaka kwa jina la binti yake.

"Baba Frida, mbona unajisingizia? Mwanangu kila akija hapa alitusimulia. Igawa ulisimama, ukazima gari, mkaangalia yangeyange mpaka wakaruka. Kitonga ulisimama, mkawatupia nyani ndizi. Mwaka juzi ulimpeleka kwenye vinyago, ukamshikia mkoba kutwa nzima. Hata wajukuu wanazijua hizo safari, wakilala wanataka wasimuliwe. Sisi tukasema, binti yetu kapata mume mwenye subira."

Kaka akafungua mdomo, nadhani alitaka kukanusha. Akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa, maana sikuwa najua chochote, Matilda hakuwahi kuniambia.

Akakaa chini, si kwenye kiti, chini kabisa kwenye vumbi, akalia. Alilia kama mtu asiyejua kulia, sauti inakatika na kuanza upya, na hakuwajali wakwe wala watoto. Siku arobaini nilikuwa nangoja alie. Sasa nilikuwa nimemshika mabega nikimwomba anyamaze, na mimi mwenyewe nilikuwa siwezi kunyamaza.