Keep, na Kibuyu ya Mukaka

Juzi mutoto wangu wa mwisho alirudi ku masomo ya Kingereza, pale nyuma ya kanisa, hapa Butembo, akakaa ku mulango ya jikoni kusoma kwa sauti. Rafiki yangu, mimi sikumaliza hata shule ya primaire. Mais neno moja ilinisimamisha na mwiko mukononi. Keep. Nikamuuliza maana yake.

"Mama, hii verbe iko na maana mingi. Kuchunga kitu. Kufuga mbuzi. Kutimiza ahadi. Kuendelea bila kuacha."

Nilicheka. Kumbe bale Bangereza balipitia mu jiko ya mukaka.

Mukaka ni mama ya mama yangu, njo alinilea, ku kilima yetu karibu na Kalunguta. Jiko yake ilinuka moshi, sombe ya majani ya muhogo, na ndizi ya kuchoma. Juu ya moto kulining'inia kibuyu moja nyeusi. Ndani yake maharagi ya mbegu, imechanganywa na majivu ili wadudu isiyatoboe. Kugusa, hapana. Hata ule mwaka mvua ya mawe ilimaliza mashamba, tukaishi na majani ya maboga tu, mimi nalia njaa chini ya kile kibuyu, yeye anakoroga yale majani bila kunitazama.

"Ile si ya tumbo yako," alisema. "Ni ya udongo."

Nilimuchukia. Mais mvua iliporudi, kilima muzima ilikuja kumuomba mbegu, naye akagawa kikombe kwa kikombe, hata kwa jirani mwenye alikuwa anamutukana kila siku ju ya mbuzi.

Na kulikuwa desturi ingine. Mutu akiona hatari, chui ao moto ao wezi, anapanda pa juu na kupiga yowe. Kilima ya pili inapokea, ya tatu pia. Hakuna mwenye anauliza kama una hakika. Mukaka alisema mwenye kusikia na kunyamaza, ni yeye alileta chui.

Siku bauaji benye kujificha mu pori balifika, kilima yetu ilinyamaza. Sababu naiandika hapa, wazi. Chef wa localité yetu, mukubwa wa kijiji, alipata habari mbele ya sisi bote. Asubuhi mbuzi zake zilishuka ku barabara, bibi yake na batoto nyuma, sisi tukasema banaenda soko. Hakupiga yowe. Mukaka alikuwa haoni tena, kaka yangu alikataa kumuacha. Bakabaki bote wawili, sikubaona tena. Mimi nilikimbia na mutoto mugongoni na kibuyu mukononi, hata blanketi hapana.

Leo ule chef anauza mashamba yetu kwa mutu wa kakao. Ya mukaka imo. Kesho tunaitwa ku bureau ya groupement, ofisi ya vilima yote, ju ya ile mashamba. Juzi ile ile, asubuhi, alituma shemeki yake na sabuni na sukari.

"Dada, yenye ilipita imepita. Ukinyamaza, utabakia na kipande yako."

Hata jirani yangu wa kanisa alininong'oneza nifikirie batoto. Ninabafikiria, njo maana.

Kisha mutoto, pale ku mulango, akageuza ukurasa. "Mama, iko ingine. Keep quiet." Ile sikuuliza. Uso yake ilitosha kunitafsiria: kunyamaza. Nikamupa sukari na sabuni, nikamutuma airudishe kwa shemeki, yote, na mufuko wake.

Ile jiko iliungua. Hakuna mutu anapiga yowe tena huko. Batu banangojea simu, na réseau ikikatika banakufa kimya-kimya. Sauti ya mukaka inaanza kunipotea, mais maharagi yake iko. Kila musimu ninaipanda ku shamba ya kukodi, yenye kuwa mizuri ninairudisha mu majivu, juu ya moto wangu. Kesho nitasimama mbele ya bote, nitataja jina ya ule chef, na ya baba yake, kwa sauti yenye kilima ya pili ingesikia.

Mbegu nitachunga. Kinywa, hapana.