Jina la Guka Haliombwi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanda ngazi za jengo moja karibu na River Road, juu ya wachapishaji wa kadi za harusi, nikiwa na viatu vipya na cheti changu cha ustawi wa jamii ndani ya bahasha. Msimamizi Mkuu wa shirika hilo la kuwatafutia watoto familia hakuitazama bahasha. Alinipakatisha mtoto mchanga aliyekuwa akilia, akasema, "Mshike. Ukiweza kumshika bila kumwonea huruma, rudi kesho."

Nilimwona mama mwenye roho ngumu. Hata hivyo nilirudi, nikadumu katika kazi hiyo mpaka nywele zikanigeuka nyeupe. Leo nikipita mjini natembea kifua mbele, maana nilikuwa nikiwapa watoto kwao.

Vijana wengi hudhani kuasili ni kumchukua mtoto ukamlea. La! Shangazi hulea, jirani hulea, hata nyumba ya watoto hulea. Kuasili ni mahakama kutamka kwamba mtoto huyu ni wako kana kwamba umemzaa, na hakuna atakayekuja kumwondoa. Kabla ya hapo mtoto huwekwa huru, yaani huthibitishwa kwamba hana jamaa anayemtafuta, kisha hukaa na familia chini ya uangalizi. Huo uangalizi ndio ulikuwa ugali wangu: kupiga hodi bila kualikwa, kunywa chai, na kutazama mtoto akianguka anamkimbilia nani.

"Huruma humlisha mtoto," Msimamizi Mkuu alipenda kutuambia, "lakini haimpi kwao." Alikuwa mkali hata kwa vichwa vyetu. Kila ilipokaribia siku ya mahakama alitutuma Kenyatta Market tukasukwe, kwa sababu, alisema, jaji asione mtoto wa watu akisindikizwa na kichaka.

Baadaye nilihamishiwa tawi la magharibi, nikawa mgeni wa kila mtaa kutoka Kangemi hadi Dagoretti. Ndiko nilikokutana na Kamau, fundi wa friji, na mkewe Nyambura. Walikuwa wamepewa mvulana aliyeanza tu kutembea, ambaye nyumba ya watoto ilimwita Baraka. Waliishi katika boma la babake Kamau, mzee Njoroge, mzee wa kanisa mwenye sauti nzito. Jumapili akisimama kuomba na kutamka "Baba", hata waliosinzia waliamka.

Sasa, kwa Wakikuyu mvulana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, wanayemwita guka. Halina mjadala. Kwetu, upande wa Kakamega, jina hungoja mwenyewe atangulie kaburini, kwa hiyo ilinibidi nijifunze. Mtoto akishapewa jina hilo, hata shosho, mke wa guka, humtania akimwita mume wangu. Lakini Kamau, kwa adabu zake nyingi, alikwenda kwa baba yake kuomba ruhusa ya kulitumia jina. Mzee alijibu, "Nitafikiria." Msimu wa mahindi ukapita akifikiria, na mtoto akabaki Baraka.

Nilipomweleza Msimamizi Mkuu, alivua miwani. "Katika boma lile, mtoto asiye na guka ni mgeni anayelala pale. Kesho wazee wakifa, ndugu watamfukuza. Afadhali tumrudishe mapema tumtafutie kwingine."

"Nipe ziara moja zaidi," nikamwomba.

"Nenda. Lakini usimfundishe mtu jibu. Familia ijibu yenyewe."

Nilikwenda asubuhi. Mzee Njoroge alikuwa kibarazani, shosho akimimina chai, na Kamau amesimama mlangoni kama mpangaji aliyechelewesha kodi.

"Madam, najua umekuja juu ya hiyo jina," mzee alisema kabla sijaketi. "Mtoto ni mzuri, sijakataa. Lakini nikuulize. Kaka mkubwa wa huyu Kamau alipopata kijana, alikuja kuniuliza? Hakuniuliza! Nilisikia tu Njoroge amezaliwa. Huyu alikuja na kofia mkononi. Kama yeye mwenyewe hajui kama ni mtoto wake, mimi nitajuaje?"

Kamau aliinamisha kichwa. Mimi nilifunga mdomo, na Mungu anajua jinsi mdomo wangu usivyopenda kufungwa. Ndipo mtoto alipotoka ndani akiyumbayumba, akashika leso ya shosho.

"Kuja, mume wangu," shosho akasema, akimnyanyua. "Umelala vizuri?"

Mzee aliweka kikombe chini. "Umemwita nani?"

"Nimemwita mume wangu. Wewe kila Jumapili unaita Mungu Baba, na hakukuzaa kwa hii damu yako ya Dagoretti. Nani ulimwomba ruhusa?"

Mzee aliondoka kwenda kutazama ng'ombe, ambaye hakuwa na shida yoyote.

Niliandika kwamba mtoto abaki. Msimamizi Mkuu alisoma, akaniambia, "Mambo yakiharibika, utamrudisha wewe, kwa mikono yako hiyo hiyo." Sikulala vizuri tangu siku hiyo.

Mahakamani mzee alikuja, akaketi nyuma kabisa na fimbo yake. Jaji aliuliza maswali yote ya kawaida, kisha akafika penyewe: "Na mtoto ataitwa nani?"

Kamau aligeuza shingo kidogo kuelekea nyuma. Nikaona mikono yangu ikimbeba mtoto kupanda zile ngazi tena. Nyambura alimkanyaga mguu mumewe. Kamau akarudisha macho mbele.

"Njoroge," akasema. "Anaitwa Njoroge wa Kamau."

Huko nyuma nilisikia mtu akipenga kamasi kwa kishindo. Tulipotoka nje, mzee alimpokea mtoto bila kuuliza, akamwambia mwanawe, "Sasa umesema kama mzazi." Mchana huo tulikula nyama choma Kenyatta Market, na mzee alimchagulia wajina wake vipande laini kwa mkono wake mwenyewe. Nilifurahi mpaka nikasahau kula, jambo ambalo wanaonijua hawaliamini.

Nimestaafu sasa. Kanisani kwetu Kawangware nafundisha darasa la kipaimara, na tukifika kwenye somo la kufanywa wana sihitaji kufungua kitabu. Mtume aliyetuandikia habari hizo aliijua sheria ya dola lile kubwa la wakati wake: aliyeasiliwa alipata jina la baba, urithi wa baba, na maisha yake ya zamani hayakuwa tena na la kusema juu yake. Majuzi binti mmoja aliniambia, "Mama Rispa, mimi naogopa kuita Mungu Baba. Vile nimetoka kubaya, si ningoje kwanza anikubali?"

Nikamwambia habari za Kamau na kofia yake mkononi. Mungu alishasema mahakamani, binti yangu, na gharama alilipa Mwanawe. Wewe unangoja ruhusa ya nani?

Mwaka huu tulimzika mzee Njoroge. Kijana Njoroge, ambaye sasa amempita baba yake kwa kimo, alitangulia mbele ya jeneza akibeba msalaba wenye jina lake mwenyewe. Hakuna aliyemuuliza kwa nini yeye. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo ulikuwa laini pale kaburini. Shosho haoni vizuri tena, na wanawe wote wawili walimkimbilia kumshika mkono.

Aliwasukuma pembeni. "Nyinyi kaeni," akasema. "Mume wangu ako wapi? Akuje anishike."