Bonde la Katikati ya Ugali

Yule dada aliyepanga chumba cha uani kwa Bibi Juliana, pale Kihesa, kazi yake ni kuchora ramani za bahari kuu, huku Iringa kwenye baridi. Mikono yake haitulii. Akipewa ugali huuchimba bonde kwa kidole gumba, akalijaza mchuzi wa dagaa, kisha akala kingo tu.

"Bibi, chini ya bahari kuna mabonde hivihivi," husema, sauti juu kama muuza nyanya. "Maji ya kilindini hupanda na chakula, dagaa wanajaa, nyangumi nao haooo!"

"Kula, mwanangu, kinapoa."

Wiki nzima alingoja wakubwa wa kazini waamue kama bonde la bahari alilolichora litafungwa, meli zisivue humo kwa nyavu kubwa. Jana simu ikaita wakiwa wanakula sahani moja. Akasikiliza, akaitikia "sawa, mkuu," akaiweka chini.

"Wamelifunga nusu tu, Bibi."

Akachora mstari katikati ya lile bonde la ugali, akala upande mmoja mpaka sahani ikang'aa.

"Na huo mwingine?"

"Huo hauguswi!"

Bibi Juliana akawatazama dagaa wanono waliobaki, akameza mate, akaurudisha mkono wake.