Nabii wa Mowlem, mpiga ramli wa Muthurwa, na mlango wa Mama Zena

Wakuu, habari za huko mliko. Vuteni viti, huu uzi una kona kadhaa.

Sina mazoea ya kuanika mambo ya nyumbani kwetu humu. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu, na pale ambapo sikuona nitawaambia sikuona.

Wiki hii mpwa wangu Nafula amenitumia video ya nabii mmoja wa siku hizi. Jamaa yuko jukwaani, suti inang'aa kuliko taa. Anamwambia mama mmoja rangi ya geti lake, kisha anamwambia kwamba anayemfungia baraka ni wifi yake. Umati unalia. Chini ya video mpwa ameandika, "Anko, huyu ni nabii ama ni mpiga ramli? Si wewe ndiye ulisoma falsafa?"

Nilisoma, ndiyo. Hadi leo shahada hiyo imenisaidia kubishana na kinyozi wangu, na huwa nashindwa.

Lakini swali hilo nina jibu lake, na sikulipata chuoni. Nililipata mtaani kwetu Jericho, huko Eastlands jijini, miaka ya tisini, katika moja ya zile nyakati ambapo serikali ilikuwa imefunga chuo na sisi wasomi tumerudishwa nyumbani kula ugali wa mama zetu.

Tulikaa nyumba za kaunsili ya jiji. Mlango wetu ulitazamana na wa Mama Zena, katikati kamba za nguo. Mama Zena alikuwa mama wa Kiislamu, mzaliwa wa Majengo, mcheshi, sauti kama kengele ya shule. Mama yangu ni Mbukusu, mtu wa kanisa la kanzu nyeupe na ngoma, na aliuza omena sokoni Jericho. Kwa juujuu hawakuwa na la kuwaunganisha. Lakini hao wawili walilea watoto wao kama sufuria moja ya chai. Nimekula pilau ya Idi kwa Mama Zena kabla sijajua Idi ni nini.

Na jambo moja mlishike: Mama Zena hakuwahi kubisha hodi kwetu. Alisukuma mlango, akaingia, akafunua sufuria, akatoa maoni. Mama naye alifanya vivyo hivyo kwake. Ndivyo mlango wa Jericho ulivyofanya kazi.

Basi dada yangu Nekesa akaja kwetu kujifungua, kwa sababu mumewe alikuwa kiwandani Thika na hakuna wa kumsaidia kule. Akapata msichana. Mama Zena alikuwa wa pili kumbeba baada ya Mama, na akamletea leso mpya. Mtoto akabebwa kwa leso hiyo kila siku.

Miezi ikapita vizuri. Halafu mtoto akaanza kulia.

Si kulia kwa njaa. Alikuwa akishika ziwa, anyonye kidogo, aachie, apige kelele.

Sasa, kwetu Magharibi mtoto akilia bila kukoma wazee hushuku jambo moja: kuna marehemu anataka jina. Basi unaketi na mtoto, unataja majina ya waliotangulia, na akinyamaza kwa jina fulani ujue huyo ndiye. Mama akaanza kwa heshima na babu. Kilio. Akaja kwa nyanya. Kilio. Tukapanda ukoo mzima, tukafika hadi kwa shangazi mmoja ambaye hakuna aliyempenda akiwa hai, na Mama akalitaja jina hilo kwa sauti ya chini, akiomba isiwe yeye. Mtoto akalia zaidi. Tukapumua.

Mama Zena alikuwa ameketi palepale akituangalia.

"Mmemaliza kuita maiti?" akauliza. "Sasa iteni daktari."

"Mama Zena, wewe huelewi mila zetu."

"Mila zenu naziheshimu, Mama Nekesa. Lakini huyu ana joto. Mshike hapa. Mpelekeni kliniki."

Mama akasema kesho. Na angeenda, nina hakika. Ila kabla ya hiyo kesho, mteja mmoja sokoni akamwambia habari za nabii wa mtaa wa Mowlem.

Sitamtaja jina. Alikuwa na hema la turubai la buluu, vipaza sauti vikubwa, na sifa ya kwamba anakuona kabla hujafungua mdomo.

Muelewe kitu kuhusu mama yangu. Alichukia waganga. Yale mabango yaliyogongomelewa kwenye nguzo za stima, mganga kutoka Pwani, mapenzi, kazi, nyota, alikuwa akiyapita amegeuza uso kama anayepita choo. Angekatwa mkono kabla ya kumpa mpiga ramli. Lakini huyu wa Mowlem alishika Biblia. Kwa mama yangu hiyo ilikuwa tofauti kati ya mbingu na ardhi.

Nikaenda naye mimi, kwa kuwa ndiye mtu pekee nyumbani asiye na kazi. Nekesa akabaki na mtoto.

Tulipofikiwa, nabii akafumba macho, akatingisha kichwa, kisha akasema taratibu, kama anayesoma kitu kilicho mbali:

"Mama, naona mtoto. Mtoto analia. Naona mwanamke. Si wa damu yenu. Anaingia kwako bila kubisha hodi. Ana mkono mwepesi wa kutoa. Kuna kitu cha mkono wake kimemgusa mtoto. Ni nguo. Rudisha nguo. Funga mlango."

Nilimwona mama yangu akizeeka pale pale.

Wakuu, hapa ndipo hasira yangu huanza, na miaka yote hii haijaisha. Fikirini sentensi ile. Mwanamke asiye wa damu yenu anayeingia bila hodi, na amekupa kitu. Eastlands nzima, ni nyumba gani haikuwa na mwanamke huyo? Kuanzia Jericho hadi Mowlem kwenyewe, kila mtu aliyelelewa akapona alilelewa na mwanamke huyo. Yule bwana alichukua kitu kizuri kuliko vyote tulivyokuwa navyo, akakiita uchawi.

Wala sadaka hakukazania, acha niwe mkweli. Angeiba pesa ningemsamehe. Aliiba jirani.

Tulipofika nyumbani Mama akamfungua mtoto kutoka kwenye leso, akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaiweka kizingitini kwa Mama Zena. Jioni hiyo akanituma dukani kununua komeo, na jirani fundi akaligongomelea kwa ndani.

Mimi nilibisha, eti. Nilieleza mantiki ya kauli zinazomhusu kila mtu. Mama akaniambia, "Wewe msomi, chuo chenu kimefungwa. Funga na wewe."

Kesho yake Mama Zena akaja kama kawaida. Akasukuma mlango. Haukufunguka. Akasukuma tena, na nikasikia mkono wake ukisimama juu ya ubao.

"Mama Nekesa?"

Mama akaweka kidole mdomoni, nisijibu.

"Nimeona leso. Haidhuru, tutaongea. Lakini mtoto namsikia kutoka kwangu. Sauti imebadilika. Mpelekeni basi, hata kama hamnitaki."

Mama akamtazama mtoto, akatazama komeo, akaanzisha wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa ili asimsikie jirani yake. Aliimba beti zote. Alipomaliza, Mama Zena alikuwa ameondoka. Kwenye kamba za nguo akina mama walikuwa wamesimama na vibanio mkononi. Walisikia kila kitu.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Maombi, komeo, kilio. Halafu asubuhi moja Nekesa akaamka akakuta shuka ya mtoto ina usaha upande wa kichwa. Ulitoka sikioni. Hakumwuliza mtu ruhusa. Alimfunga mtoto mgongoni kwa shuka hiyohiyo, akafungua komeo, akaenda kliniki. Mimi nikamfuata mbio na viatu mkononi.

Sista wa kliniki akaangalia sikio, akatuangalia sisi.

"Hili jambo limeanza zamani. Mlikuwa wapi?"

"Kwa maombi," Nekesa akasema.

Sista akageukia kabati la dawa. Alishawasikia wengi kabla yetu.

Mtoto alipata dawa na kilio kikaisha. Lakini ngoma ya sikio ilikuwa imepasuka vibaya, na sikio hilo la kushoto halikurudi lilivyokuwa.

Mimi hapo nilikuwa nachemka. Na kwa kuwa msomi hawezi kukasirika bila kufanya utafiti, nilikwenda kwa mpiga ramli.

Alikuwa nyuma ya Muthurwa. Wakati huo hakukuwa na soko hili la leo, zilikuwa nyumba za wafanyakazi wa reli. Mzee mwenye kioo, mbegu kwenye kitambaa chekundu, ubani unaokohoza. Nikamdanganya kwamba nina mtoto anayelia. Akamwaga mbegu, akazisoma, akashusha pumzi.

"Kijana, kuna mwanamke karibu nawe. Si ndugu. Huingia kwako bila hodi."

Wallahi karibu nicheke, na karibu nilie. Nikamwuliza, "Amenipa nguo?"

"Nguo," akasema, "au chakula."

Huyu angalau alikuwa mwaminifu kwenye bango lake. Aliandika mganga, akafanya uganga. Wa Mowlem aliuza bidhaa ileile ndani ya mfuko wa kanisa.

Nikamweleza Mama yote. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Huyo ni mganga. Yule ni mtumishi." Kisha akaendelea kupeta omena. Komeo likabaki. Mtoto amepona, uongo umejulikana, na bado Mama hawezi kuvuka zile kamba za nguo. Nadhani alishaona aibu, na aibu ni komeo la pili.

Jumapili tukaenda kanisani kwetu, chumba cha mabati, ngoma na kanzu nyeupe. Kulikuwa na Nyanya Roda, ajuza wa mstari wa pili wa nyumba kutoka kwetu, ambaye mara mojamoja Roho humshukia akasema. Hakuwa mtu wa mbwembwe. Mara nyingi alikaa mwaka mzima bila kusema chochote.

Mama ndiye alikuwa akiongoza wimbo. Nyanya Roda akasimama, akainua kiganja. Ngoma ikanyamaza.

"Kuna wimbo uliimbwa mtaani kwetu," akasema, "ili jirani asisikike. Mungu hakuusikia wimbo huo. Alikuwa akimsikiliza jirani." Akashusha kiganja. "Aliyeuimba asituimbie hapa. Aende kwanza akafungue."

Hakutaja jina. Akaketi, akapangusa miwani.

Mama alitoka katikati ya ibada na kanzu yake. Nikamfuata kwa mbali. Alivuka kamba za nguo, akasimama mbele ya mlango wa Mama Zena. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, kama siku zote. Mama hakuusukuma. Alisimama pale kama mgeni wa mbali, akasema kwa sauti ndogo sana:

"Hodi."

Mama Zena akajibu kutoka ndani.

"Tangu lini wewe unabisha hodi kwangu?"

Mengine sikuyaona, mlango ulifungwa. Walikaa humo hadi alasiri. Mama alipotoka alikuwa na leso begani, na komeo akaling'oa mwenyewe kwa kisu cha jikoni.

Baadaye nikajitia ujuaji. Nikamwambia, "Lakini Mama, Nyanya Roda anaishi mstari wa pili. Habari alizipata mferejini, akina mama wakichota maji. Huo si unabii."

Akaniangalia kwa huruma ambayo wahadhiri wangu hawakuwahi kunionyesha.

"Kwani ulidhani amesikia kwa malaika? Mtaa wote ulisikia. Aliyesema ni mmoja."

Hapo ndipo nilipohitimu, wakuu.

Nafula, mpwa wangu, wewe ndiye mtoto yule. Ndiyo maana mtu akikusemesha unamgeuzia sikio la kulia. Nyanya yako alinikataza kukueleza, na sasa hayupo, nami nimechoka kuwaona wa aina ile wakipigiwa makofi. Usimpime nabii kwa rangi ya geti aliyoitaja. Tazama amekuachia nini mkononi. Mpiga ramli hukuambia siri za wengine, ukarudi nyumbani na adui. Nabii hukuambia lile unalolijua tayari, ukarudi nyumbani na kazi, na mara nyingi kazi yenyewe inaanza na kuomba msamaha.

Kama kuna mwenye la kunisahihisha, au aliyewahi kupewa adui madhabahuni, aandike hapo chini. Na wewe unayetaka kuniambia nabii wako alimtaja mtu na ikawa kweli, nijibu kwanza: huyo mtu mwenyewe ulienda ukamwuliza?

Sukumeni tu mwingie. Hapa hatubishi hodi.