Nilijifanya Marehemu Ili Mikoba ya Mke Wangu Inunuliwe

Naapa, na mnajua mtu wa umri wangu haapi ovyo: kila neno hapa ni la kweli.

Najua wapo mtakaoguna. Nimesoma mita za maji za watu tangu kijana mpaka nikastaafu, nimeingia nyua zote za mji, na baadhi ya visa nilivyokuwa naleta kutoka huko nilivitia chumvi. Yule mbwa aliyenisalimia kwa jina, sawa, yule niliongeza.

Hii siongezi hata punje.

Asubuhi moja nilisoma rambirambi za kifo changu mwenyewe.

Nilikuwa jikoni, ndala mguuni, kipande cha mkate mdomoni. Simu inalia tu, haipumziki. "Pole sana, mama." "Mungu ampumzishe." "Wanaume kama yule siku hizi hawapo tena."

Yule ni mimi.

Na aliyeniua pia ni mimi. Nilijiua kwa neno moja, na neno hilo nusura limpeleke mke wangu kwa mwanamume mwingine.

Turudi nyuma kidogo.

Mke wangu anashona mikoba ya viraka. Anaomba vipande kwa mafundi nguo, anavipanga, anavichagua, anavitia bitana, na mkoba unaotoka hapo unaweza kubebea matofali. Binti yetu, kabla hajahamia kwa mumewe, alimfungulia duka mtandaoni pamoja na blogu ya kulitangaza. Halafu akaondoka. Duka likabaki kimya kama nyumba ya waliosafiri. Mikoba ikajaa sebuleni mpaka mgeni akija hajui akae wapi.

"Mimi mambo ya simu siyawezi," mke wangu akasema. "Macho yangu ni ya sindano. Wewe si unapenda kuongea? Haya, ongea huko."

Alikuwa ananitania. Mimi nikaichukua kama ajira mpya.

Makala yangu ya kwanza ilisema: "Mkoba imara. Rangi nzuri. Karibuni."

Hakuja mtu. Hata binti yetu hakubonyeza kupenda.

Nikaanza kusoma blogu za wenzangu, nikajifundisha mwenyewe. Picha ipigwe karibu na dirisha, usitegemee taa. Makala itoke siku ileile kila wiki, msomaji akuzoee kama anavyozoea muuza maziwa. Kila maoni yajibiwe, hata ya yule anayeuliza kitu ulichokwisha kuandika. Na kubwa kuliko yote, mtu hanunui mkoba. Ananunua kisa cha mkoba.

Kisa. Hapo nikajua nimefika kwetu.

Nikawa naandika kana kwamba ni yeye. "Mimi mshonaji wenu." Wasomaji wakaja mmojammoja, kwa kuchungulia.

Wiki moja akamaliza mkoba alioukata kutoka kwenye shati langu la kazi, la buluu, lililokwisha kola. Nikaupeleka dirishani, nikaupiga picha. Nikaandika: "Mkoba huu nimeushona kwa shati la mume wangu."

Nikausoma mstari. Umepoa, umelala, hauna uhai.

Kidole kikaniwasha. Nikaongeza neno.

"Shati la marehemu mume wangu."

Kesho yake ndiyo hiyo asubuhi ya mkate. Rambirambi zilijaa, na mkoba ulikuwa umeshanunuliwa.

Ningeweza kufuta. Lakini jamani, hebu jiwekeni mahali pangu. Nikiwa hai hakuna aliyewahi kunisifu hivyo. Wale niliowasomea mita ndiyo kabisa.

Basi nikaona marehemu anastahili kifo cha heshima. Wiki iliyofuata nikamfanya afe akimwokoa mtoto wa watu kwenye tangi la maji. Wiki nyingine tena, watoto wawili.

Oda zikamiminika. Kila mtu anataka shati la marehemu.

"Baba Watoto," mke wangu akasema, mkasi mkononi, "wateja siku hizi wanataka mashati ya kiume tu. Kuna nini?"

"Ndiyo mtindo, mama."

Akayakata yangu yote. Yalipoisha nikawa nanunua ya mitumba, navaa kila moja siku moja ndipo nampa. Sikutaka kuwa mwongo.

Mambo yakawa yananyooka. Halafu akaja Fundi Randa.

Ndivyo alivyojiita kwenye maoni. Alikuwa amenunua mkoba wa kuwekea vifaa vyake. Wengine wanaandika "umependeza", "nimeupenda". Yeye akaandika hivi:

"Nimeugeuza mkoba wako ndani nje. Ndani kuzuri kama nje. Anayeshona hivi hashonei macho ya watu. Mimi ni seremala, na nyuma ya kabati huwa sipigi randa kwa sababu hakuna anayeona. Umenitia aibu, mama. Nimeanza kupiga."

Nikasoma. Nikasoma tena.

Nikaenda sebuleni, nikachukua mkoba juu ya kiti, nikaugeuza. Nimeishi na mwanamke huyu mpaka tumeota mvi pamoja, na sikuwahi kugeuza hata mmoja.

Kweli. Kila mshono umelala, kila pindo limekunjwa, hakuna uzi unaoning'inia.

"Unatafuta nini humo?" mke wangu akauliza.

"Natazama tu."

"Leo?"

Nikaurudisha kitini. Kitu kilikuwa kimenikaa hapa chini ya mbavu, kama tonge lililogoma kushuka. Wivu. Nilidhani nilikwisha kustaafu na huo.

Nikamjibu yule bwana kwa baridi. "Asante, mteja." Nilikuwa nimejifundisha kila maoni yajibiwe, nami nikatii.

Yeye akaona amefunguliwa mlango.

"Wiki hii umetia uzi wa manjano kwenye kitambaa cheusi," akaandika. "Nahisi siku hiyo ulikuwa na furaha. Au nakosea?"

Nikatamani awe amekosea. Nikaenda mpaka kwenye cherehani.

"Mama, ule mkoba mweusi wa uzi wa manjano. Ulikuwa na furaha ulipoushona?"

Mguu wake ukasimama juu ya kanyagio.

"Binti yetu alikuwa amepiga simu. Akatuambia ni mjamzito, hukumbuki? Nani kakwambia habari za uzi?"

"Nimekisia."

"Wewe?"

Akanitazama, akatabasamu, tabasamu lile la zamani ambalo sikuwa nimeliona muda mrefu. Nikalipokea. Jioni yote nikatembea nalo ndani ya nyumba kama mtu aliyevaa koti la mwenzake.

Halafu Fundi Randa akaandika lile lililonimaliza. "Marehemu alikuwa na bahati. Sijui kama alijua."

Marehemu akapandwa na presha.

Nikaandika makala ya haraka kwamba mume wangu, kabla ya kukata roho, aliniomba nisiolewe tena. Nilidhani nimefunga mjadala.

"Mama, pole kusema, ila marehemu alikuwa mbinafsi," akaandika mmoja.

"Aliyekufa kafa. Fundi Randa yuko hai," mwingine.

"Sisi wasomaji tupo upande wa Fundi. Tutakuja na keki."

Wakaanza kumwita Shemeji. Blogu yangu mwenyewe, wasomaji niliowatafuta kwa jasho, wanamwoza mke wangu mchana kweupe, na mimi ndiye ninayewajibu asanteni.

Ningeenda kulalamika wapi? Polisi? Afande, kuna mtu anamtaka mjane wangu?

Wiki hiyohiyo ujumbe ukaingia: "Nimekutengenezea kigoda cha kukalia ukishona. Anwani ninayo kwenye kifurushi. Jumamosi nakileta mwenyewe."

Jumamosi asubuhi nikamwambia mke wangu, "Dada yako hajisikii vizuri. Nenda kamwone."

"Nimeongea naye asubuhi hii."

"Amebadilika."

Akanitazama kidogo, akachukua mkoba wake, akatoka.

Nilikuwa nimejiandaa kukutana na jitu. Nimekunja mikono ya shati la mtumba, nimesimama kama bondia. Hodi ikapigwa, nikafungua, nikamkuta mzee mfupi, msafi, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Kigoda amekifunika shuka kama mtoto mchanga.

"Samahani, mzee. Hapa ndipo kwa mama wa mikoba?"

"Ndipo. Mimi ni mdogo wake marehemu."

Sijui lilitokea wapi. Lilitoka tu.

Akavua kofia. "Pole sana, kaka. Nimesoma alikuwa shujaa."

"Sana. Watoto watatu aliwaokoa."

"Nilisoma wawili."

"Wa tatu familia iliomba asitajwe."

Akatikisa kichwa kwa heshima. Nikamkaribisha, akakaa kwenye kiti changu.

"Kaka, mimi si kijana," akaanza, kofia magotini. "Mke wangu alitangulia. Kwangu nikizima msumeno hakuna sauti nyingine. Sikuja kwa mchezo. Wewe ndiye mwanamume wa familia niliyemkuta, basi naanzia kwako. Nipe ruhusa nizungumze na shemeji yako."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Mtu ameniomba mke wangu, sebuleni kwangu, kwa adabu kamili, na sikuwa na pa kuanzia kumtukana.

"Nisaidie kidogo," akasema. "Anapenda nini? Chai yake ni ya sukari?"

Nikafungua mdomo.

Nikagundua chai yetu huwa anapika yeye, na kikombe chake sijawahi kukishika.

"Ya kawaida," nikasema.

"Haina sukari," sauti ikasema nyuma yangu.

Mke wangu. Alifika nusu ya njia, akampigia dada yake, akamkuta anafua mashuka huku anaimba.

Akamtazama mgeni. Akatazama kigoda. Akanitazama mimi, na hapo ndipo alipokawia.

Mgeni akasimama. "Shikamoo, mama, ingawa sijui nani mkubwa. Mimi ndiye Fundi Randa, wa kwenye blogu yako. Nilikuwa naongea na shemeji yako hapa, mdogo wa marehemu."

"Marehemu," mke wangu akasema polepole.

"Mume wako."

"Mume wangu."

Akavuta kiti, akakaa, akaweka mkoba mapajani.

"Shemeji," akaniambia, "katupikie chai."

Nikaenda. Ungefanyaje? Kupitia mlango wa jikoni nilikuwa nasikia kila kitu. Yule mzee anamsimulia maneno "aliyoandika" yeye: tangi la maji, wosia, machozi juu ya cherehani. Mke wangu anasema tu "ehe" na "kumbe".

Nikarudi na sinia. Akaniacha nisimame nalo.

"Fundi," akasema, "umekuja kwa heshima, siwezi kukurudisha na uongo. Marehemu ndiye huyu aliyeshika sinia."

Vikombe vikawa vinagongana kwenye sinia.

Fundi Randa akanitazama kuanzia ndala mpaka mvi. Nikajiweka sawa kwa ngumi. Lakini akageuka, akamtazama mke wangu kwa huruma kuliko hata mwanzo.

"Pole sana, mama," akasema.

Akavaa kofia. Midomo ilikuwa inamcheza kidogo, na sikuona kicheko hapo. "Kigoda kibaki. Kilitengenezewa mshonaji, na mshonaji yupo."

Alipoondoka nilingoja kelele. Hazikuja. Ndipo nikaogopa kweli.

"Umeniliza mbele ya watu wote wale," mke wangu akasema. "Mimi. Mtu ambaye hata siku ulipolazwa hospitali sikulia, nilikaa nikakushika mguu mpaka asubuhi. Hilo hukuliandika."

"Mama, nilikuwa nauza—"

"Umeuza. Na yule mzee kaja na moyo wake mkononi, umemvunja. Sasa kaa hapo unisomee."

"Nisome nini?"

"Aliyoandika. Yote. Si niliandikiwa mimi?"

Nikasoma. Yeye yuko juu ya kigoda kipya, anashona, hanitazami. Nasoma kwa mdomo wangu maneno ya mwanamume mwingine, kwa mke wangu, moja baada ya jingine.

"Rudia hapo."

"Wapi?"

"Pa ndani kuzuri kama nje."

Nikarudia. Nilikuwa namwambia kitu ambacho nilipaswa kumwambia tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hata sasa hakikuwa changu.

Alipokata uzi akasema, "Makala ijayo utawaandikia ukweli. Kwa sauti yako. Yangu niachie."

Ndiyo haya mnayosoma, wateja wangu. Mume wa mshonaji yuko hai. Hajaokoa mtoto yeyote. Tangi la maji analiogopa. Aliyenunua shati la marehemu na anataka kubadilishiwa, aandike hapo chini, atapewa mkoba mwingine, na bitana natia mimi huku nimesimamiwa. Vidole vyangu vina matundu. Matusi pia yanapokelewa, yote nitajibu.

Kwa wenye maduka kama letu, nilichojifunza ni hiki. Picha dirishani, ndiyo. Siku maalum, ndiyo. Kisa, ndiyo, lakini ukitafute kwa anayeshona. Kaa karibu naye, muulize, shika kazi yake mkononi uitazame. Mimi nilikuwa nacho nyumbani nikaenda kukopa msiba. Na usipoitazama wewe, jua kuna mtu mahali fulani anaitazama.

Kuhusu huyo Fundi Randa, msiwe na wasiwasi. Nilimwambia kiume, asikanyage tena mlango huu.

Mke wangu amesimama nyuma yangu anasoma. Anasema nifute.

Sijafuta, ila anasema basi niongeze. Kwamba sikumwambia neno. Kwamba ni yeye, mke wangu, aliyempigia simu juzi kumwomba radhi, na wakakubaliana viti vya Fundi viuzwe pamoja na mito ya viraka anayoishona yeye. Kwamba Jumamosi Fundi anakuja kuichukua. Na kwamba mito ni mingi, Fundi ana mgongo, kwa hiyo mimi ndiye nitakayeibeba kichwani mpaka barabarani, nimuombe msamaha njiani, halafu nimuage vizuri.

Nimeandika.